Kocha Aliyelinda Korido

Hii nimetumiwa na shemeji yangu wa Moshi, naye hakumbuki alitumiwa na nani. Nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka peke yangu jikoni mpaka wanangu wakaja kuniangalia. Kaa vizuri, ni ndefu kidogo. Ukimaliza mpelekee bosi wako, kama una ubavu, au yule ndugu yako anayepekua simu ya mkewe kila akienda kuoga.

Kule Italia palikuwa na mcheza mpira aitwaye Ermes Colautti. Alikuwa beki, tena si wale mabeki wanaopanda mbele kutafuta sifa. Kazi yake ilikuwa kumkaba mtu mmoja tangu mpira unaanza hadi unakwisha. Kocha wake wa kwanza alimfundisha hivi: "Mpira waachie wenzako. Wewe una mtu wako. Akienda kushoto, nenda kushoto. Akienda kunywa maji, mshikie chupa."

Ermes alilishika neno hilo kama dini. Washambuliaji walimchukia. Kuna mmoja, mwenye jina na majivuno yake, alichoka kufuatwa mpaka akakaa chini katikati ya uwanja, akamuuliza, "Wewe huna kwenu?"

Ermes naye akakaa kando yake. "Kwetu nitarudi refa akimaliza," alisema.

Katika miaka yote aliyocheza alifunga bao moja tu, nalo alijifunga mwenyewe. Hakuna aliyemlaumu, kwa sababu mtu aliyekuwa akimkaba siku hiyo hakugusa mpira.

Ila kuna siku moja iliyomharibu. Ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu, mvua inanyesha, na maji yakamwingia machoni. Akainua mkono kujifuta. Alipoushusha, mtu wake hakuwa pale. Alikuwa ameshafika golini na anashangilia. Timu yake ikashuka daraja. Ermes akaapa kwamba hatafumba macho tena akiwa kazini. Kiapo cha namna hiyo binadamu hakiwezi, lakini nani angemwambia?

Goti lilipomkataa akasomea ukocha, akafaulu vizuri, maana kichwa alikuwa nacho. Tatizo ni kwamba ile kazi ya kukaba hakuiacha. Aliihamishia kwa wachezaji wake mwenyewe. Alichungulia sahani zao. Alinusa majaketi yao kama yana moshi wa sigara. Mchezaji akikohoa, Ermes alitaka kujua amekohoa kwa nini. Klabu moja ikamfukuza, akachukuliwa na nyingine ndogo zaidi, nayo ikamfukuza, mpaka akafika Castelrovo, mji mdogo wa milimani kule kaskazini. Timu yao ilikuwa daraja la tatu na ilikuwa imechoka. Rais wa klabu alikuwa mzee mmoja, Gualtiero, mwenye kiwanda cha viti vya mbao.

Msimu ukaenda hivyo hivyo, mara wanashinda, mara wanapigwa, hadi ikabaki mechi moja. Timu mbili zilikuwa zimelingana pointi mkiani: Castelrovo, na majirani zao wa Montarco. Moja lazima ishuke, na siku hiyo kila moja ingecheza na timu nyingine. Mzee Gualtiero hakuficha. Alimwambia Ermes kwamba wakishuka, klabu inafungwa, kwa sababu viti havinunuliwi kama zamani. Na Ermes alijua kwamba Castelrovo ikifungwa, hakuna mtu mwingine Italia nzima atakayempa timu.

Sasa Waitaliano wana desturi yao. Timu ikiwa taabani inaingizwa kambini wiki nzima, na usifikiri ni kambi ya starehe. Ni kifungo chenye tambi. Wachezaji hawatoki, wake hawaji, na kila siku baada ya chakula cha mchana ni amri kila mtu alale chumbani kwake mpaka saa kumi. Ermes aliwapandisha vijana wake kwenye hoteli ndogo juu ya mji, akachukua ghorofa ya pili yote.

Jumatatu hiyo hiyo, kabla hawajafungua mabegi, simu ya Ermes ikaita. Namba hakuijua, sauti hakuijua.

"Kuna mchezaji wako ameuza mechi ya Jumapili," sauti ilisema. "Mimi ningeanza kumwangalia nahodha."

Simu ikakatwa.

Nahodha aliitwa Tullio Marangon, kiungo, mtu mzima mwenye upara na watoto, aliyezaliwa pale pale Castelrovo. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Labda ungemwita pembeni ukamwambia, mwenzangu, nimesikia neno, niambie ukweli. Ermes hakufanya hivyo. Alifanya analolijua. Alichukua kiti, cha kiwanda cha rais, kigumu kama hukumu, akakiweka kwenye korido ya ghorofa ya pili na kuanza kukaba.

Usiku alikuwa pale. Mchana, vijana wakilala, alikuwa pale. Kitasa kikicheza tu, yeye amesimama. Ili asisinzie alimwomba mama wa jikoni, Sinyora Ornella, amjazie chupa kubwa ya kahawa, nyeusi, bila sukari, na aijaze tena ikiisha. Jumanne alionekana mwekundu wa macho. Jumatano alizungumza na mlingoti wa goli akidhani ni beki wake wa kulia.

Tullio alimfuata baada ya mazoezi. Huko wachezaji humwita kocha "Mista", ndiyo heshima yao.

"Mista, samahani. Hebu kalale hata kidogo. Sisi tupo."

"Anayetaka usingizi apande basi arudi kwao," Ermes alijibu, na moyoni akasema, aha, unataka nilale ili ufanye yako.

Tangu siku hiyo mambo yakawa mepesi, hata yeye mwenyewe alishangaa. Zile saa za mchana kwenye korido, ambazo mwanzo zilimtesa, zikawa zinapita haraka ajabu. Anakaa, anakunywa kikombe, anatazama milango, na mara saa kumi imefika. Korido kimya, hakuna kitasa kinachocheza. Alijipongeza kwamba kazi ukiifanya kwa bidii muda hauonekani. Hata kahawa akaisifia kwa Sinyora Ornella kuwa sasa ameipatia.

Wewe msomaji mjanja umeshaanza kutabasamu. Subiri.

Jumamosi, siku moja kabla ya mechi, Ermes yupo kwenye kiti chake, chupa ya kahawa mapajani. Chupa ikamponyoka, ikaanguka chini kwa kishindo. Akashtuka. Alikuwa na hakika kwamba amepepesa macho tu. Akangoja sauti kutoka vyumbani, mtu aulize kuna nini. Kimya.

Akafungua mlango wa kwanza. Vitanda vitupu. Wa pili, vitupu. Alikwenda mpaka mwisho wa korido akifungua milango, na hakukuwa na mtu hata mmoja ghorofa nzima. Viatu vyote vilikuwa vimepangwa chini ya vitanda, lakini watu hawapo.

Alimfikiria yule mtu wa kwenye simu, akaona alikuwa mkweli, na kwamba si mmoja aliyeuza, wameuza wote. Akashuka ngazi akijishika ukutani. Chini, mlango wa jikoni ulikuwa umerudishwa nusu, na ndani akaisikia sauti ya Tullio.

"Sinyora, leo umemwekea ile ile?"

"Ile ile. Tangu Jumatano."

"Hajashtukia?"

"Ashtukie nini? Anaisifia."

"Basi asijue. Mechi ikiisha kesho ndipo tumwambie, sasa hivi akijua kila kitu kimeharibika."

Kahawa! Wamemwekea kitu kwenye kahawa. Ndiyo maana saa zilikuwa zinapotea. Akatoka kwa mlango wa nyuma, akasimama kwenye makreti ya nyanya, akampigia rais wa klabu.

"Mzee, mechi imeuzwa. Wananinywesha dawa. Nahodha ndiye kiongozi wao, nimemsikia kwa masikio yangu."

"Una hakika? Ukiniambia ndiyo, nawapigia wakaguzi wa shirikisho la mpira sasa hivi. Tullio hatagusa mpira tena maisha yake, hata kama baadaye itaonekana ulikosea. Jina la mtu likishachafuka huku kwetu halisafishiki."

"Nina hakika."

"Umemuuliza?"

"Mtu akiuza mechi utamuuliza nini?"

"Ermes," mzee alisema, "mimi nimeuza viti tangu ujana. Mteja akinipigia kwamba kiti kimevunjika, simbishii na simwamini. Namwomba niende nikikalie kwanza. Nenda ukamuulize. Simu usiikate, nakusubiri."

Ermes alisimama pale na simu mkononi. Ilimuuma, maana aliona kama anaambiwa afumbe macho tena kwenye mvua. Lakini mzee alikuwa anasubiri. Akarudi, akausukuma mlango wa jikoni.

Timu yote ilikuwa mle ndani, na soksi zao, wamebanana kwenye meza ndefu. Wengine walikuwa wanacheza karata kwa kunong'onezana, wengine wanammenyea Sinyora Ornella viazi. Walipomwona, karata zikasimama hewani.

"Mmeniwekea nini kwenye kahawa?" Ermes aliuliza.

Tullio alitazama chini. Ni Sinyora Ornella aliyefuta mikono kwenye aproni akasema, "Sijakuwekea kitu, Mista. Nimekutolea."

"Umetoa nini?"

"Kahawa. Unayokunywa ni shayiri."

Kwa asiyejua, Waitaliano hukaanga shayiri, wakaisaga, wakaichemsha. Inatoka nyeusi tii, inanukia vizuri, wanapewa wazee na wagonjwa wa moyo. Haina nguvu ya kumzuia hata kuku asilale. Yaani mtu aliyekulia Italia, anayejidai hakuna linalompita, alikuwa amekunywa machupa ya shayiri na kuomba aongezewe.

"Mimi ndiye niliyemwomba," Tullio alisema. "Ukitaka kunifukuza, nifukuze mimi, Sinyora umwache. Jumatano ulikuwa unaongea na mlingoti. Tuliogopa utaanguka ufe mikononi mwetu. Tulikuambia ulale, ukasema mwenye usingizi apande basi."

"Na huku jikoni mnafanya nini? Hii saa ya kulala."

Walitazamana. Kipa wao, Denis, mrefu mpaka anainama milangoni, ndiye aliyejibu, tena kwa aibu.

"Vitanda vya kule juu vinalia, Mista. Mtu akigeuka tu, unashtuka. Kwa hiyo ukishalala, tunavua viatu tunashuka polepole, tunakaa huku mpaka saa kumi kasoro. Mmoja anabaki zamu karibu na kiti chako usianguke. Leo zamu ni yangu, nilishuka kunywa maji mara moja tu."

"Mimi nilikuwa nalala?"

"Unakoroma, Mista," Denis alisema. "Usichukie, lakini unakoroma sana."

Kuna aliyeshindwa kujizuia akacheka, na wa pili akamfuata. Ermes hakucheka. Alivuta kigoda cha jikoni akakaa. Kile kitu kizito alichokuwa amekibeba kifuani tangu Jumatatu kilimtoka chote kwa mara moja, na akabaki mwepesi mpaka akaogopa. Hawakuuza. Walikuwa wanammenyea mama wa watu viazi, bila viatu, ili yeye alale.

Simu mkononi mwake ikaongea. "Halo? Ermes? Kimevunjika au hakikuvunjika?"

"Ni kizima, mzee," Ermes alisema. "Ni kizima kabisa." Akaikata.

Tullio aliisikia sauti ya rais. Hakuwa mjinga. "Ulimpigia kumwambia nini?"

Hapo Ermes angeweza kudanganya, na nani angejua? Aliwaambia. Aliwaeleza simu ya Jumatatu, jina lililotajwa, na kwamba kule nje kwenye makreti ya nyanya alikuwa ameshamwambia rais ana hakika. Kicheko kikafa. Uso wa Tullio ukabadilika rangi.

"Wiki nzima," alisema taratibu. "Tunakula meza moja, unanipitishia mkate, na kumbe unaniona mwizi."

"Nilikosea. Nisamehe, Tullio. Nisameheni wote."

Tullio alizikusanya karata, akazipanga, akaziweka mezani. Ilimchukua muda.

"Nenda ukalale, Mista," alisema mwishowe. "Kitandani, siyo kwenye kiti. Hasira zangu utazikuta, hazina haraka. Kesho tuna mechi."

Na Ermes akaenda. Alilala mchana huo, akalala jioni, akalala usiku kucha, mlango wazi, bila kujua nani yuko wapi na nani anaongea na mkewe. Asubuhi alikula mayai kwa njaa ambayo hajaisikia tangu aache kucheza. Kwenye basi alikaa kiti cha mbele, na kwa mara ya kwanza hakugeuka nyuma kuhesabu vichwa.

Mechi yenyewe, niseme ukweli, ilikuwa mbaya. Upepo, mpira juu, miguu inagongana. Mnamo dakika za mwisho wapinzani wakaanza kumiminika. Ermes aliona Tullio anaacha nafasi yake ya katikati, anarudi nyuma kusimama na mabeki. Hawakukubaliana hivyo. Neno lilimfika Ermes kwenye ulimi, akainuka, akafungua mdomo, kisha akakaa akaufunga. Tullio alikuwa anaona kitu ambacho yeye kwenye benchi hakukiona. Krosi ikaja, Tullio akaupiga kichwa ukatoka. Ikaja nyingine, akautoa tena. Refa akapuliza, sifuri kwa sifuri.

Hakuna aliyeshangilia kwanza, kwa sababu walikuwa hawajajua ya Montarco. Wakasimama uwanjani wameshikana mabega wakingoja, mpaka spika za uwanja zikakohoa na kutangaza kwamba Montarco wamefungwa mawili. Castelrovo imebaki. Wanaume wazima walikaa kwenye nyasi wakalia kama wamepewa pole. Mzee Gualtiero alimkumbatia kila aliyempita, hata refa. Tullio alimjia Ermes na jezi yote tope, akamtazama kitambo, kisha akampa mkono.

"Bado nina hasira kidogo," alisema.

"Najua," Ermes alisema, wala hakuuachia ule mkono.

Walikuwa wanajiandaa kupanda basi simu ya Ermes ilipoita. Safari hii namba aliijua. Alikuwa kocha wa Montarco, aliyesoma naye ukocha, na sauti yake ilikuwa imekauka.

"Hongera," alisema. "Nataka kukuuliza kitu. Jumatatu, wewe nawe ulipigiwa simu?"

Ermes akasimama palepale kwenye ngazi ya basi. "Nilipigiwa. Wakanitajia nahodha."

"Mimi walinitajia kipa." Kocha wa Montarco naye hakumjua aliyempigia, na hadi leo hajulikani. "Nilimfuatilia wiki nzima. Ijumaa nikamwona anaongea na mtu nje ya uzio wa kambi, anapokea kifurushi. Leo asubuhi nimemwondoa kikosini mbele ya wenzake, nikamwambia anajua kwa nini. Nimemweka kijana ambaye hajawahi kudaka, na mabao yote mawili yamempita miguuni. Sasa hivi mke wa kipa amekuja kunisubiri mlangoni. Ni yeye aliyekuwa kwenye uzio. Alikuwa amemletea dawa za mafua, na kipa hakutaka nijue anaumwa, aliogopa nitamwacha nje."

Ndani ya basi vijana wake walikuwa wameanza kuimba, Denis akipiga ngoma kwenye dari.

"Wewe ulijuaje kwamba nahodha wako ni msafi?" kocha wa Montarco aliuliza.

"Sikujua," Ermes alisema. "Nililazimishwa nimuulize."

"Nami nifanye nini sasa?"

"Yule mama bado yuko mlangoni?"

"Bado."

"Basi mwombe akupeleke nyumbani kwa mumewe. Nenda leo hii, na ukifika usijieleze sana."

Funzo: Ukimwona mtu anakuficha jambo, muulize kabla hujamhukumu, huenda anachokuficha ni wema wake kwako, na jina ukishalichafua kwa dhana huna maji ya kuliosha.